Mgeni wa Mungu, Vaa Jina Lako

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiweka Nyumba Yake katika bonde lisiloota mmea, kisha akaitia mioyo ya waja hamu ya kuiendea kutoka kila pembe ya dunia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyetufundisha hija kwa mwendo wa miguu yake mwenyewe, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu uliyekwisha kutia nia, dada yangu uliyeweka akiba miaka kumi na leo jina lako limo katika orodha ya safari: hongera. Umealikwa. Mahujaji huitwa dhuyufu rahmani, wageni wa Mwingi wa Rehema. Wewe uliyekuwa ukipokea wageni nyumbani kwako, ukawatandikia jamvi na kuwakaribisha maji, mwaka huu ni zamu yako kuwa mgeni, na mwenyeji wako ni Mola wako. Sijui heshima iliyo juu ya hiyo.

Lakini mgeni ana adabu zake, na leo nataka kusema nawe juu ya adabu moja tu. Kabla hujaondoka, au mara utakapofika, utapewa bangili ya kitambulisho. Ni kipande cha plastiki au cha chuma, upana wake kama kidole, uzito wake kama si kitu. Watu wengi huipokea kama wanavyopokea risiti ya duka. Wengine huitia mkobani na kuisahau. Wengine huikata usiku wa kwanza kwa sababu inawasha. Ninakuomba, kwa haki ya Nyumba unayoiendea, uivae, uilinde, wala usiivue mpaka utakapovuka tena mlango wa nyumba yako. Kaa nikueleze.

Itazame ihramu. Kwa mwanamume ni vipande viwili vya nguo nyeupe visivyo na mshono, visivyo na kola, visivyo na mfuko. Akishavivaa, waziri hatofautiani na mchuuzi wa mihogo, wala profesa hatofautiani na mvuvi wa Pemba. Ndiyo hekima yake. Umevuliwa cheo, umevuliwa kabila, umevuliwa hata mtindo wa nguo, ili usimame mbele ya Mola wako kama utakavyosimama siku utakayotoka kaburini. Tumeihubiri hekima hii miaka na miaka, na ni kweli tupu.

Upande wake wa pili hatuuhubiri. Vazi lisilo na mfuko halina mahali pa kuweka pasipoti. Vazi linalokufananisha na kila mtu haliwezi kumwambia askari wewe ni nani. Mwaka 2024 mahujaji walikuwa 1,833,164. Mwenyezi Mungu anamjua kila mmoja wao, jina lake na la mama yake, dhambi aliyokuja kuililia na dua aliyoificha moyoni. Lakini askari kijana wa pale Mina, aliyesimama juani tangu alfajiri, hakujui. Muuguzi wa hema la matibabu hakujui. Anayeosha maiti hakujui. Ihramu umeivaa kwa ajili ya kukutana na Mungu. Bangili uivae kwa ajili ya waja Wake, wale ambao siku moja huenda wakakubeba mikononi bila kujua wakupeleke wapi.

Msidhani nawatisha kwa mambo ya kufikirika. Tarehe 2 Julai 1990, katika njia ya chini ya mlima pale Mina, msongamano uliua watu 1,426. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulipita katika mahema ya Mina ukaua mahujaji 343. Tarehe 12 Januari 2006, wakati wa kurusha mawe, walikufa si chini ya 346. Wenyeji wetu wa Saudia hawakukaa kimya. Baada ya moto wakaweka mahema yasiyoshika moto, na baada ya msongamano wa 2006 wakajenga upya daraja la Jamarati la kurushia mawe likawa la ghorofa, watu wapande na kushuka kwa njia mbalimbali. Wamefanya kazi kubwa, na Mungu awalipe.

Kisha ikaja tarehe 24 Septemba 2015. Ilikuwa asubuhi ya Idi, siku ya kumi ya Mfungo Tatu. Huku kwetu watu walikuwa wametoka kuswali, mbuzi wamefungwa uani wanasubiri kisu. Kule Mina mikondo miwili ya watu ilikutana penye makutano ya barabara namba 204 na namba 223, na wasiweze kusonga mbele wala kurudi nyuma. Serikali ya Saudia ilitangaza waliokufa kuwa 769. Mashirika ya habari yalipojumlisha hesabu zilizotolewa na nchi moja moja, yalipata zaidi ya 2,400. Watanzania walikuwamo. Wakenya walikuwamo. Sitaingia katika ubishi wa hesabu ipi ndiyo sahihi. Nakuomba tu uitazame nafasi iliyo kati ya namba hizo mbili. Nafasi ile ni watu. Ni baba wa mtu, ni bibi ya mtu, ni jirani aliyeaga akaombwa dua, kisha asirudi yeye wala habari yake kamili.

Siku zile picha za maiti zilikusanywa, na maafisa wa nchi mbalimbali wakakaa kuzipitia moja baada ya moja wakitafuta watu wao. Alikuwamo Ghazanfar Roknabadi, aliyekuwa balozi wa Iran nchini Lebanon. Mtu huyu sura yake ilijulikana, jina lake lilijulikana, serikali nzima ilikuwa ikimtafuta. Ilipita takriban miezi miwili ndipo mwili wake ukatambuliwa na kurudishwa kwao. Ikiwa balozi alipotea namna hiyo katika weupe ule wa ihramu, mzee wangu wa Mkinga atatambuliwa kwa kitu gani? Mama yangu wa Lamu, ambaye hata picha yake ya pasipoti ni ya kwanza aliyopata kupigwa maishani, atatambuliwa na nani?

Utaniambia: kufa katika hija ni cheo, na mimi natamani. Ni kweli. Tumesoma habari za yule mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnyama wake pale Arafa, katika hija ya Mtume, akafa akiwa katika ihramu. Mtume aliamuru aoshwe kwa maji na majani ya mkunazi, akafiniwe kwa nguo zake mbili zile zile, na akasema kwamba atafufuliwa akiitikia talbia. Heshima iliyoje! Lakini mwangalie vizuri mtu huyo. Aliangukia miongoni mwa wenzake. Waliomuosha walikuwa wenzake. Hakulala njiani siku tatu huku watu wakiulizana huyu ni wa nchi gani. Omba kifo chema, ndugu yangu, na uwarahisishie kazi watakaokuzika.

Na fikiri juu ya unaowaacha. Sheria yetu inajua jina la mtu aliyetoweka asijulikane yu hai au amekufa: anaitwa mafqudi. Mafqudi anapokuwa mume, mke wake hawezi kukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kwa sababu eda hukaliwa kwa kifo kilichothibiti. Wanazuoni wametofautiana juu ya muda wa kumsubiri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli mpya ya Imamu ni kwamba asubiri mpaka ipatikane yakini. Si mjane, wala si mke mwenye mume. Mali haigawanywi, kwa maana mirathi haifunguliwi kwa dhana. Watoto wanakua baba yao akiwa katikati ya sentensi isiyomalizika. Bangili hii unayoona ni takataka ya mkononi, siku ile ndiyo itakayokuwa shahidi wa mkeo mbele ya kadhi. Kuivaa ni haki yake juu yako, sawa na ile posho uliyomwachia.

Wenzetu wengine wamelielewa jambo hili zamani. Indonesia hupeleka mahujaji zaidi ya laki mbili kwa mwaka, na kila hujaji wao hufungwa bangili ya chuma iliyochongwa jina lake na habari za safari yake. Chuma hakifutiki kwa jasho, hakilowi kwa zamzam, hakichaniki katika msukumano wa tawafu. Saudia nayo, mwaka uliofuata msiba wa 2015, ilitangaza bangili za kielektroniki zenye habari za hujaji na za afya yake. Na katika Msikiti Mtukufu wa Makka watoto hugawiwa bangili za kuandikiwa namba ya simu ya mzazi. Ikiwa mtoto anayeshikwa mkono na mama yake anavalishwa, wewe wa miaka sabini na mbili, mwenye kisukari, usiyejua Kiarabu cha kuombea hata maji, unaona haya ya nini?

Niliwahi kuwa Mina usiku wa kuamkia siku ya kumi na moja ya Mfungo Tatu. Kando ya safu ya mahema, pale ambapo kila hema ni jeupe na kila njia ni kama nyingine, alikuwa ameketi mzee chini, viatu mkononi. Aliponisikia nikisema Kiswahili na mwenzangu, alinishika mkono kwa nguvu.

“Mwanangu, wewe wa wapi?”

“Shikamoo mzee. Wa kwetu huko huko Pwani. Umepotea?”

“Marahaba. Nimetoka kutia udhu magharibi. Hema langu silioni.”

Ilikuwa imekwisha kupita saa nne. Nikamtazama mkono: bangili alikuwa nayo, ya plastiki nzuri ya kijani. Ilikuwa na nembo ya kikundi chake na maneno ya kumtakia hija njema. Basi. Hakuna namba ya kambi, hakuna simu, hakuna jina lake. Nikamuuliza kiongozi wao anaitwa nani. Akasema, “Ustadhi.” Ustadhi gani? “Ustadhi wetu.” Simu yake ilikuwa imezima tangu Arafa. Nikamuuliza hema lake lina alama gani, akanijibu kwa matumaini, “Lile lenye feni inayolia.”

Tulitembea naye kwa saa nne. Tuliingia kambi hadi kambi tukipiga hodi kwa Kiswahili gizani, mpaka sauti moja ikaitikia kutoka ndani, “Mzee, ulikuwa wapi?” Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limenifanya niandike mahubiri haya. Wenzake hawakujua kwamba amepotea. Kiongozi alikuwa amehesabu vichwa kabla ya kulala, na hesabu ikatimia. Ilitimia kwa sababu katika nafasi ya mzee alikuwa amelala mtu mwingine, mgeni asiye wa kikundi, aliyeingia kujipumzisha. Vichwa vilikuwa kamili. Majina hayakuwa kamili.

Ndugu zangu, nayajua maneno yanayosemwa barazani. Nayajibu moja moja.

Wapo wanaosema: ajali haina kinga. Methali hii wazee walituachia iwe faraja baada ya msiba. Hawakutuachia iwe kisingizio kabla ya msiba. Wazee hao hao ndio waliosema tahadhari kabla ya hatari. Na Mtume wetu alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, ndipo ategemee. Funga ngamia wako. Mwaka huu ngamia wako ni jina lako.

Wapo wanaosema: mwanamume havai bangili, huko ni kujifananisha na wanawake. Kilichokatazwa ni pambo la kujifananisha. Hii ni maandishi. Mbona saa ya mkononi unaivaa, tena ya kung'aa, na hakuna aliyekusuta? Wanazuoni wamemruhusu aliye katika ihramu kuvaa saa, pete na mkanda wa kuhifadhia fedha, na kipande hiki kimo katika njia hiyo hiyo ya haja.

Wapo wanaonong'ona: kufunga kitu mkononi ni hirizi. Hawa nawaheshimu, maana wanailinda imani yao. Lakini tofautisheni. Anayefunga hirizi anaamini ile hirizi yenyewe inazuia shari. Bangili hii haizuii kitu. Haizuii joto, haizuii msongamano, haichelewishi ajali dakika moja. Kazi yake ni kusema, wewe ukishindwa kusema. Anayeitakidi kwamba inamlinda, huyo naye atubu. Mlinzi ni Mwenyezi Mungu peke Yake. Bangili ni ulimi tu.

Wapo wanaosema: inaharibu udhu. Haiharibu, lakini hapa msiwe wazembe. Maji lazima yafike kwenye ngozi, kama tulivyofundishwa juu ya pete inayobana. Basi isifungwe ikakaza. Iachiwe nafasi ya kidole kimoja, uizungushe unapoosha mkono, maji yapite chini yake. Mkono wako utakuwa safi na jina lako litakuwa palepale.

Na wapo wanaosema: simu ninayo. Simu yako itakufa chaji Arafa kama ya yule mzee. Itakuponyoka katika tawafu, na hutainama kuiokota, maana anayeinama katika wimbi lile hasimami tena. Tena ina namba ya siri, na anayekuokota umezirai hajui namba hiyo. Kadi ya Nusuk utakayopewa na wenyeji ishike na uiheshimu, bila hiyo huruhusiwi kupita. Lakini kamba ya shingoni hukatika. Mkono hubaki na mwenyewe.

Sasa nije kwenye linalonichoma kuliko yote. Naona aibu kulisema na nitalisema. Tunaazimana bangili.

Pale Mina kila kambi ina lango, na penye lango pana mlinzi, na mlinzi huangalia alama ulizovaa ajue wewe ni mgeni wa kambi ipi. Hafanyi hivyo kwa ubaguzi. Hema limehesabiwa godoro kwa godoro. Chakula kimehesabiwa, maji yamehesabiwa, na njia za kutokea siku ya moto zimepimwa kwa idadi ya watu. Anakuja jamaa yako anayefanya kazi Jeddah, hana kibali cha hija, amechoka, jua limempiga. Anakwambia, “Kaka, niazime bangili yako niingie nipumzike, nitakurudishia.” Unamhurumia. Unaivua, unampa. Unadhani umetoa sadaka.

Hebu nikuulize. Akifia mle ndani, atazikwa kwa jina la nani? Kwa jina lako. Simu itapigwa nyumbani kwako, ukumbi utajaa vilio, mkeo ataanza eda na mume yu hai, na watu wataiswalia janaza ya ghaibu nafsi inayopumua. Na nyumbani kwa yule maskini hakuna atakayepigiwa simu kamwe. Mama yake atasubiri mlangoni mpaka macho yaingie giza. Na wewe ukianguka nje, mkono mtupu, utakuwa huna jina, kwa sababu jina lako limelala kwenye hema. Kwa kuazima kipande kimoja cha plastiki umezidanganya nyumba mbili na umemdanganya mlinzi aliyeaminiwa. Hiyo si sadaka. Ni ushahidi wa uongo, na umeutoa ukiwa katika ardhi takatifu, katika siku takatifu, ukiwa bado na talbia mdomoni.

Kumbukeni mwaka 2024. Joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8. Walikufa watu 1,301, na serikali ya Saudia ikasema asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali. Hawakuwa na hema, hawakuwa na basi, walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Na kwa kuwa wengi hawakuwa na vitambulisho, kuwatambua kulichukua muda. Siwahukumu. Wengi wao walikuwa wakongwe waliouza walichonacho, na wengine walidanganywa na mawakala waliowaambia viza ya matembezi inatosha. Mungu awarehemu na awakubalie nia zao. Lakini nasema na wewe uliye hai: usiende kwa mlango wa uani kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameweka mlango wa mbele. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo. Asiye nao amesamehewa, na anayesamehewa na Mungu hana haja ya kuingia kwa bangili ya mwenzake.

Nanyi viongozi wa vikundi vya hija, nawageukia sasa. Roho za mahujaji zimo shingoni mwenu. Fedha za bangili mmetoza, basi toeni bangili, msitoe tangazo la kikundi chenu. Andikeni jina la hujaji kama lilivyo kwenye pasipoti. Andikeni nchi yake. Andikeni namba ya kambi ya Mina na jina la hoteli ya Makka. Andikeni simu mbili za Saudia zinazopokelewa usiku na mchana. Andikeni ugonjwa kwa neno moja: kisukari, presha, pumu. Andikeni kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwa wino usiofutika. Mfungeni hujaji kabla hajapanda ndege, mkiwa bado na utulivu wa kusahihisha makosa, na mumfunge kwa kifungo kisichofunguka mpaka kikatwe. Wekeni daftari lenye majina yale yale na namba zile zile, nakala moja iwe na ninyi, nyingine ibaki nyumbani. Na mnapohesabu usiku, msihesabu vichwa. Iteni majina, kila mtu ainue mkono uliofungwa bangili, asomwe. Itachukua nusu saa. Nami nimewahi kutembea saa nne kwa sababu ya nusu saa ambayo mtu hakuitoa.

Mwenye ukurasa wa mtandao, usipige picha ya bangili ukaitupia watu wote wakasoma namba zako na maradhi yako. Kilichoandikwa pale ni kwa ajili ya anayekuokoa tu.

Nanyi mnaobaki nyumbani, wake, waume na watoto: kabla hamjamsindikiza mtu wenu, shikeni mkono wake muisome bangili kwa sauti. Jina ni sahihi? Namba ni sahihi? Inakilini kwenye daftari la nyumba. Wengi wetu tunahakikisha ana khanga za kutosha, ana dawa ya meno, ana biskuti za njiani. Hakikisheni pia ana jina.

Na wewe hujaji, sikiliza neno la mwisho la masharti haya. Siku ya kumi ya Mfungo Tatu utarusha mawe, utanyoa, utavua ihramu, utajipaka mafuta mazuri, utaona mambo yamekwisha, na mkono utakuwashia mkasi. Usikate. Siku za tashriki bado: kumi na moja, kumi na mbili, na kumi na tatu kwa atakayebaki. Bado kuna kurusha, bado kuna tawafu ya kuaga, bado kuna basi la usiku na foleni ya uwanja wa ndege. Ule msiba wa 2015 ulitokea siku hiyo hiyo ya kumi, siku ambayo moyo unasema nimemaliza. Mvueni mgeni nguo zake kama sheria inavyoruhusu, lakini jina lake mwachieni mkononi mpaka afike kwao.

Ndugu zangu, siku moja sote tutasimama mahali penye watu wengi kuliko Arafa, hatuna vazi wala mfuko, na kila mmoja atapewa daftari lake. Siku ile hakuna kuazimana. Siku ile hakuna atakayeingia kwa jina la mwenzake. Tunaomba mikono yetu ya kulia ilipokee. Basi mkono huu tunaouombea hivyo tuzoeze ukweli tangu leo, hata katika kitu kidogo kama utepe wa plastiki: usibebe jina lisilo lake, wala usiache kubeba lililo lake.

Ewe Mola, Wewe uliyewaita wageni hawa, wapokee. Watie kivuli siku isiyo na kivuli. Watie subira wanaowaongoza, na uaminifu wanaowaandikia. Wape nguvu wanaosimama juani kuwalinda. Ewe Mola, waliolala Mina na majina yao hayajulikani kwetu, kwako yanajulikana. Warehemu mmoja mmoja, kwa majina yao. Wape wake zao yakini, wape mama zao utulivu. Na wanaokwenda mwaka huu uwarudishe, walio wetu na wasio wetu, kila mmoja kwenye mlango unaomsubiri.

Amin.